Mwalimu na Mwanafunzi Wakiunda Kitu Pamoja, Pesa ya Mradi Ikae Wapi?

Tuala iko kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kati ya Ongata Rongai na Kitengela. Kama umewahi kupita huko unajua hali ilivyo. Ploti zinakatwa kila siku, mabati mapya yanang'aa, maduka ya simiti na mbao yamejaa, halafu ghafla gari linasimama kungoja kundi la ng'ombe wavuke barabara. Ng'ambo ya mto Mbagathi kuna simba. Mbuga hiyo ilifunguliwa mwaka 1946 na ina ua pande tatu tu. Upande wa kusini umeachwa wazi ili pundamilia na nyumbu waweze kutoka kwenda tambarare za Kitengela mvua ikinyesha, na wakitoka, simba huwafuata. Simba akikosa pundamilia, boma la ng'ombe liko karibu.

Tunaanzia hapa kwa sababu makala haya yanahusu kujifunza kwa mikono, yaani yale masomo ambayo siku hizi huitwa STEAM: sayansi, teknolojia, uhandisi, sanaa na hisabati, pamoja na biashara inayotokana nayo. Na mfano mzuri zaidi tunaoujua ulitoka pande hizi hizi, kwa mtoto aliyekuwa na kazi ya kuchunga ng'ombe wa baba yake.

Jina lake ni Richard Turere. Alikuwa na miaka 11 alipotengeneza kile ambacho dunia sasa inakiita taa za simba. Simba walikuwa wakiua mifugo usiku, na yeye ndiye aliyekabidhiwa mifugo hiyo. Kwanza alijaribu moto. Moto haukusaidia, tena ulimwangazia simba njia ya kuingia zizini. Akajaribu sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba alikuja, akaona, akarudi. Siku ya pili akatambua kwamba kitu hiki hakisongi, akaingia na kuua. Usiku mmoja Richard akawa anazunguka boma akiwa na tochi, na simba hawakuja. Hapo ndipo alipong'amua kwamba simba anaogopa mwanga unaotembea, kwa maana mwanga unaotembea una mtu nyuma yake.

Hakuna mtu anayeweza kutembea na tochi kila usiku, kwa hivyo alitafuta njia ya kuufanya mwanga utembee wenyewe. Vifaa vyake vilikuwa betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola, swichi, balbu za tochi zilizovunjika, na kile kisanduku kinachofanya indiketa ya pikipiki iwake na kuzima. Mchana sola inachaji betri. Usiku betri inapeleka umeme kwenye kisanduku cha indiketa, nacho kinaziwasha na kuzizima balbu zilizotazama nje ya boma. Simba akitazama kutoka gizani anaona kama mtu anazunguka, kumbe mwenye boma amelala.

Mwaka 2013 Turere alisimama kwenye jukwaa la TED kule California akaeleza kazi hiyo kwa Kiingereza cha mtoto wa shule. Mwaka 2023 akatunukiwa tuzo ya wavumbuzi vijana ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Na ili uone uzito wa jambo lenyewe, kumbuka kwamba Juni 2012, huko huko Kitengela, wananchi waliojaa hasira waliua simba sita kwa siku moja baada ya mifugo yao kushambuliwa. Taa za elfu chache zilikuwa zinamlinda ng'ombe, na zilikuwa zinamlinda simba pia.

Sasa hebu tutazame jambo moja ambalo watu hulipita haraka. Turere alijifunza umeme kwa kufungua redio ya mama yake. Mama alikasirika, na ni nani angemlaumu? Lakini katika hatua hizo tatu, moto, sanamu na tochi, kuna sayansi yote ambayo mwalimu huandika ubaoni: unakisia, unajaribu, unashindwa, unatazama kilichotokea, unakisia tena. Yeye alizipitia akiwa peke yake zizini. Swali letu ni je, ingekuwaje kama mwalimu wake angekuwa hapo kando, naye akiwa hajui jibu, wakijaribu pamoja?

Swali hilo ni la maana hasa wakati huu. Chini ya Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, mwanafunzi wa Sekondari Msingi anatakiwa kuonyesha anachoweza kufanya, si anachokumbuka tu. Masomo ya biashara na kompyuta yameunganishwa katika somo la ufundi wa awali, lile ambalo kila mtu huliita Pre-Tech. Kundi la kwanza la mtaala huu liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na huko mmoja kati ya mikondo mitatu ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Lakini walimu wengi wanaofundisha haya walisoma 8-4-4. Kuna mwalimu wa historia ambaye leo anatakiwa kusimamia mradi wa umeme, na hajawahi kushika solda maishani mwake.

Mwalimu huyo ana njia mbili. Anaweza kujifanya anajua, asome kitabu usiku na asubuhi aandike maelezo ubaoni, watoto wanakili. Au anaweza kusema, "Hata mimi sijui, tutafute fundi wa pikipiki hapo stejini atuonyeshe." Sisi tunaona njia ya pili ndiyo yenye heshima zaidi, ijapokuwa inaogopesha. Darasa ambalo mwalimu anauliza maswali pamoja na wanafunzi halimpunguzii mwalimu chochote. Mtoto akimwona mtu mzima akikosea waya, akacheka, akaufungua na kuanza upya, anaelewa kwamba kukosea ni sehemu ya kazi.

Wakenya tuna ushahidi wa hili. Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya Keriko huko Njoro, Kaunti ya Nakuru, alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019, tuzo ya dola milioni 1. Shule yake ilikuwa ya kutwa, yenye kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha, na wanafunzi wengi kutoka familia zisizojiweza. Alichofanya ni kuanzisha klabu ya vipaji na kukaa na wanafunzi kwenye miradi yao baada ya masomo na wikendi. Klabu hiyo ikapeleka miradi kwenye maonyesho ya kitaifa ya sayansi, na baadhi yake ikapita shule zenye maabara za maana.

Halafu kuna ile herufi A, ya sanaa. Watu huiona kama pambo. Lakini mtu wa Tuala hana haja ya kwenda mbali kuona kwamba sivyo. Kitengela Glass, karakana iliyoanzishwa na Nani Croze, iko pande hizo hizo, kando ya mbuga, na huko vioo vilivyotupwa na chupa kuukuu huyeyushwa na kuwa bilauri, taa na mapambo. Kuyeyusha kioo ni kemia. Kujua kipoe polepole kiasi gani kisije kikapasuka ni fizikia. Kujua mteja atapenda rangi gani ni sanaa, na ni biashara vilevile. Au chukua shanga za Kimaasai. Mama anayesuka mkufu wa duara anahesabu shanga za kila mzunguko, anajua mzunguko wa nje unahitaji nyingi kuliko wa ndani, na ruwaza ya rangi lazima ifunge mahali ilipoanzia. Mwambie mtoto wa Gredi ya 7 aeleze hesabu hiyo, utaona kwamba nyanya yake amekuwa akifundisha jometri bila ubao. Huyo nyanya anastahili kualikwa darasani, na alipwe nauli.

Na hapa kwenye nauli ndipo sisi, kama watu wa malipo, tunaingia. Kujifunza kwa mikono kunagharimu pesa. Wazazi wamelalamika tangu mtaala uanze kwamba kila jioni mtoto anarudi na orodha: kadi ngumu, gundi, unga wa rangi, kitu cha kuchapishwa saiba. Malalamiko hayo ni ya haki. Mzazi anayelipwa kwa siku kwenye mjengo hawezi kuambiwa saa mbili usiku kwamba kesho mtoto alete vitu vya shilingi 300. Klabu inayouza kitu kidogo inaweza kujinunulia vifaa vyake, na hiyo ni sababu moja ya biashara kuwekwa pamoja na sayansi. Lakini klabu ikianza kushika pesa, maswali mapya yanaanza. Pesa iko kwa nani? Nani ameiona? Ikipotea, nani atalaumiwa? Kawaida ni mwalimu, au mtoto aliyekuwa mweka hazina.

Tuchukue mfano wa sabuni ya maji, kwa sababu shule nyingi huanza nayo. Somo lenyewe ni tamu: kwa nini mafuta na maji havichanganyiki, sabuni inavyoyashika yote mawili, kwa nini chumvi inafanya mchanganyiko uwe mzito, na kwa nini ukiizidisha unakuwa mwepesi tena. (Kemikali zishikwe na mwalimu, glavu zivaliwe, na chupa za soda zisitumike bila lebo mpya. Mtoto mdogo nyumbani hatajua kwamba ile si soda.)

Tuseme klabu imetengeneza lita 20. Bei tunazotumia ni za mfano tu. Kemikali, rangi na manukato ni shilingi 1,150. Chupa 20 za lita moja, kila moja shilingi 15, ni 300. Wanafunzi wanajumlisha, wanapata 1,450, wanagawanya kwa 20 na kuona kila chupa imegharimu 72.50. Wanaamua kuuza kwa 90. Kwa hesabu yao watapata 1,800, faida 350. Wanapiga makofi.

Lakini kuna bodaboda aliyeleta zile kemikali kutoka Rongai, shilingi 200. Mwalimu alilipa kutoka mfukoni akanyamaza, kama walimu wafanyavyo. Gharama ya kweli ni 1,650, kila chupa ni 82.50, na faida yote ni 150. Hapo wanafunzi wanakubaliana kupandisha bei hadi 100, ili faida irudi kuwa 350. Vizuri. Sasa chupa nne zimechukuliwa kwa deni na watu wazima wa hapo hapo shuleni, "nitatuma jioni". Jioni haikufika. Chupa 16 zilizolipiwa zimeleta 1,600. Klabu imepata hasara ya shilingi 50, na sabuni yote imeisha.

Somo hili la deni halipatikani kwenye kitabu. Mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba chupa nne tu zimekula faida ya 20. Na anajifunza jambo gumu zaidi, namna ya kumdai mtu mzima kwa adabu: "Shikamoo mwalimu, tunafunga hesabu ya klabu leo, na jina lako bado liko kwenye daftari." Kuna watu wazima wengi ambao hawajawahi kuambiwa hivyo na mtoto, na tunafikiri wanafaa kuambiwa.

Sasa pesa yenyewe ikae wapi?

Desturi iliyoenea ni malipo kutumwa kwenye laini ya mwalimu. Ni rahisi na haina fomu. Lakini pesa ya klabu ikiingia kwenye laini ileile ya mshahara, kodi ya nyumba na mchango wa harusi ya binamu, baada ya wiki mbili hata mwalimu mwaminifu kabisa hawezi kusema ipi ni ipi. Akikopa kwa simu na siku ya kulipa ikafika, mkopeshaji anaweza kukata pesa iliyomo bila kujua kwamba ni ya sabuni ya watoto. Mzazi mmoja akianza kunong'ona, mwalimu hana karatasi ya kujitetea. Kwa hivyo tunasema hivi bila kuzunguka: usiwe benki ya klabu kwa laini yako binafsi, hata kama kila mtu anakuamini.

Kilicho bora ni till namba iliyoandikishwa kwa jina la shule au la kikundi kinachotambulika, kupitia mkuu wa shule na bodi. Mwanafunzi hawezi kuiandikisha kwa jina lake kwa sababu kitambulisho hutolewa mtu akifikisha miaka 18. Lakini hiyo haina maana kwamba mwanafunzi hana kazi. Watu wazima washike funguo, wanafunzi washike daftari. Till ikae na watu wazima wawili, pesa isitolewe mpaka wote wawe wamekubali, na mweka hazina wa klabu aandike kila mauzo kwa mkono: tarehe, jina la mnunuzi, idadi, kiasi, amelipa au anadaiwa. Pesa taslimu ikipokelewa iandikwe hivyo hivyo, na iingizwe kwenye till siku hiyo hiyo, isilale kwenye kabati la darasa.

Kila Ijumaa, daftari na taarifa ya miamala kutoka kwenye simu viwekwe mezani pamoja. Mwanafunzi mmoja asome daftari, mwingine asome taarifa, wa tatu aweke alama. Daftari linasema 1,600, taarifa inasema 1,500. Mia moja iko wapi? Labda mteja alituma kwenye laini ya mwalimu kwa mazoea. Labda kuna makato ambayo hamkuyahesabu. Labda mtu alionyesha meseji ya uongo. Kutafuta hiyo mia ni kazi ya upelelezi, na tumeona kwamba watoto wanaipenda kuliko mtihani wowote wa hisabati.

Hiyo meseji ya uongo tuiseme wazi, kwa sababu siku za maonyesho ya shule ndiyo siku zake. Umati ni mkubwa, mwanafunzi yuko kwenye meza, mtu anamwonyesha simu: "Nimeshatuma, ona." Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote, na ikafanana na yetu neno kwa neno. Sheria iwe moja: bidhaa inatoka mezani baada ya malipo kuonekana upande wenu, kwenye simu inayopokea ujumbe wa till. Simu ya mteja si ushahidi. Mtoto afundishwe kusema, "Subiri kidogo tuone upande wetu," bila kuona aibu. Mteja mkweli atasubiri.

Kabla ya kulipia vifaa, soma jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Msomee mwanafunzi kwa sauti, na yeye alilinganishe na jina la duka. Ukikosea namba, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, maana pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha ni safari ndefu. PIN usimtajie mwanafunzi hata kama mikono yako imejaa gundi na muuzaji anangoja. Unamlinda yeye zaidi kuliko unavyoilinda pesa: asiyeijua PIN hawezi kushukiwa. Na mtu akipiga akisema anatoka kwetu na anahitaji PIN ya till ya shule, kata simu. Sisi hatuulizi PIN.

Kitu kingine, msichukue mkopo wa simu ili kuanzisha mradi wa klabu. Tunajua inashangaza kusikia hivyo kutoka kwa kampuni kama yetu. Lakini mradi wa shule unapaswa kuwa na uhuru wa kushindwa. Turere alishindwa na moto, akashindwa na sanamu, na hakuna aliyekuwa anamngoja na riba. Anzeni na lita 5, au na balbu moja na betri ya redio. Mradi ukianguka, mtakuwa mmepoteza mia chache na mmepata swali la wiki ijayo.

Mwisho wa muhula ndipo mambo mengi huharibika, kwa hivyo tupangie mapema. Wiki moja kabla ya kufunga shule, fungeni hesabu. Madeni yasomwe, salio la till liandikwe kwenye daftari, na watu wazima wawili pamoja na mweka hazina waweke sahihi chini yake. Someni hesabu hiyo mbele ya wazazi siku ya mkutano, hata kama ni shilingi 270 tu. Likizo isiwe na matumizi yoyote. Na kama Tume ya Huduma za Walimu imempa mwalimu msimamizi uhamisho, asiondoke na laini ya till mfukoni akidhani ataituma baadaye kwa matatu. Aende na mkuu wa shule wabadilishe majina ya wasimamizi, PIN mpya iwekwe na yule anayebaki, na simu ya zamani itolewe kwenye till siku hiyo hiyo. Fomu inahitaji kitambulisho cha msimamizi mpya na barua ya shule yenye mhuri, basi mhuri upigwe kabla ofisi haijafungwa.